Maharage ya Tanuri na Mzee Aliyegoma Kula

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nioneshe mikono. Nilikuwa nimepanda milima kutoka ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kijana aliyeoa juzi, nimevaa shati la kuazima kwa shemeji. Mpishi Mkuu wa misheni aliigeuza mikono yangu huku na huku kama mtu anayechagua viazi sokoni, akanusa viganja, kisha akamwambia mkata kuni aliyekuwa akipita, "Huyu ananuka usipa."

Usipa ni wale dagaa wetu wa ziwani. Nikamjibu kwamba nilioga mtoni asubuhi ile ile.

"Wewe umeoga," akasema, "lakini usipa haujaoga. Nenda kanawe kwa majivu, halafu urudi."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya upishi, muda mfupi baada ya vita vya pili vya dunia, wakati wa Waingereza, katika jiko la hospitali ndogo ya misheni huko juu Umatengo. Vijana mnaopika kwa gesi mmeniuliza mara nyingi tulifanyaje kazi bila vifaa. Nitawaeleza chakula kimoja tu, mboga ya kuoka katika tanuri. Nimekichagua kwa sababu ndicho kilichonifundisha kazi, na kwa sababu niliona kwa macho yangu siku uhai wa mtu mmoja ulipotegemea kama atakipokea au atakikataa.

Nianze na watu. Hospitali ilikuwa na Bwana Mganga, aliyepasua na kushona. Juu ya wodi, stoo na jiko alikuwapo Sista Mkuu, mtawa wa makamo kutoka Ulaya, mrefu, mwenye Kiswahili safi kuliko changu. Chini yake alikuwapo Mpishi Mkuu, Mmatengo aliyeitwa Otmari. Mbele ya wageni tulimwita kwa cheo chake. Jikoni tulimwita Baba Otmari. Mimi nilikuwa mpishi msaidizi, maana yake mtu wa kuosha, kumenya, kukausha na kutumwa.

Tanuri lilikuwa nje, nyuma ya jiko, limejengwa kwa matofali ya kuchoma na kufunikwa kwa udongo wa kichuguu, umbo lake kama nusu ya chungu kilichopinduliwa. Tuliwasha kuni ndani yake hadi paa la ndani, lililokuwa jeusi kwa moshi, lianze kung'aa jeupe. Hapo tulikokota makaa nje kwa reki ya chuma na kufagia sakafu kwa gunia bichi lililofungwa kwenye mti mrefu. Joto lililobaki ndani ya matofali ndilo lililofanya kazi. Mkate uliingia kwanza. Kuujua moto, Baba Otmari alirusha unga kidogo sakafuni: ukigeuka mweusi papo hapo, tulisubiri, ukigeuka rangi ya asali, tuliingiza mikate. Mkate ulipotoka, matofali yalikuwa bado na nguvu. Hapo aliegemeza kuni chache kavu upande wa nyuma, akaacha ziwake, na zamu ya mboga ikafika.

Mboga yenyewe ilikuwa maharage machanga, yale yanayoliwa na maganda yake. Wanawake waliyaleta kwa vikapu kutoka kwenye mashimo ya ngolo, kilimo cha Wamatengo cha mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki ili mvua isichukue udongo. Kwao ilikuwa ni ajabu kuyachuma kabla hayajakomaa. "Baba Otmari," mama mmoja alimwambia kila alipokuja, "mnatuchumisha kabla hayajazaa! Hamuogopi njaa?"

"Leteni tu, mama," alijibu. "Misheni inakula watoto wa maharage."

Mwanzoni maharage hayo yalichemshwa, kama ilivyokuwa desturi ya majiko yote ya Wazungu niliyoyasikia, na wagonjwa waliyarudisha. Niliambiwa kwamba siku moja Sista Mkuu alisimama kwenye mlango wa jiko na sahani mkononi, akasema, "Baba Otmari, mboga hii imekufa mara mbili. Mara ya kwanza shambani, mara ya pili katika sufuria yako." Mwingine angenuna. Baba Otmari alilicheka neno lile siku nzima, kisha akaanza kujaribu tanuri. Baadaye kila mmoja wao alidai kwamba ni mwenzake aliyevumbua. Mpaka leo sijui kweli ni ya nani, na nimewapenda wote wawili kwa ubishi ule.

Namna yake ni hii. Kata vikonyo, acha mikia. Osha, halafu kausha kwa kitambaa, moja moja, hadi kitambaa kisishike unyevu tena. Hiyo ndiyo kazi niliyoanza nayo, na niliidharau mpaka Baba Otmari aliponionesha kwa vitendo: aliingiza sinia mbili tanurini, moja ya maharage makavu, nyingine ya yale niliyoyakausha kwa uvivu. Ya kwanza yalitoka yamekunjamana, ya kijani, ncha zake za kahawia. Ya pili yalitoka yamelegea kama kamba iliyolowa. "Maji yakibaki," alisema, "umechemsha ndani ya tanuri. Kwa nini uchome kuni zote hizi kwa ajili ya kuchemsha?"

Baada ya kukausha, paka mafuta ya karanga kwa mikono, kiasi cha kung'aa tu. Tia chumvi, na vitunguu vilivyokatwa vipande vinene. Tandaza kwenye sinia pana, yasilaliane, kila moja liguse bati. Sinia zetu zilitengenezwa na fundi bati kutokana na madebe yaliyokatwa na kunyooshwa, yakaunguzwa motoni mara nyingi hadi harufu ya mafuta ya taa ikaisha. Funga mdomo wa tanuri kwa ubao, uache upenyo wa mvuke. Baba Otmari hakuwa na saa. Alisali mafungu mawili ya rozari, akatikisa sinia, akasali fungu moja tena, akatoa. Mwishoni alikamulia limau. Harufu yake ilifika wodini kabla ya chakula, na wagonjwa waliokuwa wamelala waligeuka.

Sasa nije kwa Mzee Gaudensi.

Aliletwa kwa machela na wanawe, kutoka kijiji kilicho mbele ya Mapera, akiwa na ngiri, utumbo umenaswa. Bwana Mganga alimpasua siku hiyo hiyo. Kazi ilikuwa nzuri, kidonda kilikuwa safi, homa ikashuka. Lakini mzee hakula. Uji ulirudi. Supu ya kuku ilirudi. Yai lilirudi na ganda lake. Alikunywa maji tu, na kila asubuhi mashavu yake yalikuwa yameingia ndani zaidi. Bwana Mganga alikuja jikoni mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Mimi nimeshona," alimwambia Baba Otmari. "Kazi iliyobaki ni yako. Asipokula, kidonda hakitafunga, na huyu mzee tutampoteza."

Baba Otmari alimfahamu Mzee Gaudensi kwa sifa. Alikuwa mkuu wa sengu kubwa. Sengu ni desturi ya Wamatengo: wanaume wa nyumba za ukoo mmoja hukusanyika kwa mzee wao, kila nyumba ikaleta chakula chake, wakala pamoja, na hapo penye chakula ndipo mashauri yote huzungumzwa, ya mipaka, ya ndoa, ya watoto wakorofi. Mtu wa namna hiyo, Baba Otmari alisema, hawezi kulishwa kama mgonjwa yeyote. Tangu siku ya kwanza alimwomba Sista Mkuu ampe heshima. Kitanda cha mzee kiliwekwa pembeni na kuzungushiwa pazia jeupe. Aliletewa meza ndogo yake, kitambaa kilichopigwa pasi, na sahani ya kaure ya mapadri, wakati wagonjwa wengine walikula katika bakuli za bati. Niliipanga meza ile kwa mikono yangu. Ilipendeza sana.

Na kila kitu kilirudi.

Mimi nilikuwa na hakika kwamba ninajua dawa. Kwetu ziwani mtu akikosa hamu ya kula, wote tunajua alichokosa ni samaki. Nilikuwa na usipa mkavu niliopewa na mke wangu, nikaukaanga kwa nyanya, nikampelekea bila kumwambia Baba Otmari. Mzee Gaudensi aliutazama.

"Vinanitazama," alisema. "Viondoe."

Niliporudi jikoni na sahani iliyojaa, Baba Otmari alicheka mpaka akashika ukuta. "Mtu wa watu ametoka kupasuliwa tumbo, na wewe unampelekea macho mia!" Lakini kicheko chake hakikudumu. Siku ile aliwasha tanuri kabla ya saa yake. Alichagua maharage moja moja, akayakausha mwenyewe, akayaoka kwa makini kama padri altareni. Sijaona tena maharage mazuri kama yale. Akavua aproni, akavaa koti, akayapeleka yeye mwenyewe, mimi nikimfuata na ugali.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mzee."

"Milele amina."

"Nimekuletea mboga, Mzee. Nimeipika kwa ajili yako peke yako."

Mzee aliinusa. Niliona koo lake likimeza mate. Kisha akageuza uso ukutani. "Mungu akubariki, mwanangu," alisema. "Mpe mwenye njaa."

Tulirudi jikoni na sahani ile ile. Mchana, nilipokwenda kuchukua kitambaa, Mzee Gaudensi aliniita nikae. Sauti yake ilikuwa imekwisha kupungua.

"Wewe si mtu wa huku," alisema. "Huna upande. Niambie kweli. Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, Mzee."

"Usinifiche. Kwenu ziwani, mtu akiwekewa chakula chake peke yake, nyuma ya nguo, amefanya nini?"

Nilifikiri. "Labda ni mkwe, Mzee. Au mgeni."

"Mimi si mkwe wa mtu humu. Huku kwetu hata mgonjwa hubebwa akaletwa mbele ya wenzake, akala nao. Anayewekewa chake pembeni ni yule ambaye wazee wamekwisha kumaliza shauri lake. Nawasikia watu upande wa pili wa nguo hii wanakula na kucheka. Nani amenishitaki? Kama kuna neno juu yangu, lisemwe nipate kulijibu. Siwezi kula chakula cha hukumu ambayo sikuisikia."

Nilikimbia. Baba Otmari alikuwa akikwangua sufuria. Nilimweleza kila neno kama nilivyolisikia, naye akaacha kukwangua.

"Amesema hukumu?"

"Ndiyo, Baba."

Akakaa juu ya gunia la unga. "Nimempa heshima ya Askofu," alisema. "Askofu akija, tunamtengea meza yake, sahani yake, kitambaa chake. Miaka yote hii niko misheni, nimesahau kwamba Askofu na mtu aliyefukuzwa wanakula namna moja."

Hakupoteza muda kujilaumu. Alinyanyuka, akaenda moja kwa moja kwa Sista Mkuu, nami nikaenda naye kwa sababu hakunikataza.

Hapo palikuwa pagumu. Kuondoa pazia halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa sheria ya wodi: wagonjwa wawili hawatii mikono katika chombo kimoja. Sista Mkuu aliiweka baada ya kuhara damu kupita wodini na kuondoka na watu. Aliwazika. Kila mfanyakazi aliijua sheria ile, na tuliijua sababu yake.

"Unaniomba nivunje kitu kinacholinda watu wote kwa ajili ya mtu mmoja," alisema.

"Ndiyo, Sista," alisema Baba Otmari. "Lakini bakuli lake mwenyewe, hata nikilitoa nje ya pazia, bado ni lake mwenyewe. Atagoma hivyo hivyo mpaka afe."

Sista Mkuu alitazama dirishani. Mimi nilidhani atakataa, na singemlaumu. Kisha akaanza kuuliza maswali, moja baada ya jingine, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata. Nani ana kidonda kinachotoa usaha? Huyo hapana. Nani anakohoa? Huyo hapana. Waliovunjika miguu je? Hao wawili ni wazima ndani. Na wanawe mzee, wanaolala kwenye banda la wageni? Waitwe. Mikono?

"Maji ya moto na sabuni, Sista," alisema Baba Otmari.

"Mbele ya macho yangu," alisema Sista Mkuu. "Mpaka kwenye viwiko. Na chakula kitoke tanurini moja kwa moja, kisipitie mezani. Barazani, siyo wodini. Nitamwambia Bwana Mganga."

Kesho yake adhuhuri tulikibeba kitanda cha Mzee Gaudensi hadi barazani, penye jua. Wanawe walikaa kwenye mkeka, na wale wawili wa miguu iliyovunjika waliegemezwa ukutani. Sista Mkuu alisimama mbali kidogo akiwa na birika na sabuni, akawanawisha wanaume wale kwa zamu kama watoto wa shule. Mmoja wao alinong'ona, "Kwa kusuguliwa huku, nitarudi nyumbani mweupe," na wakacheka, lakini chini chini, kwa sababu mzee alikuwa hajacheka.

Baba Otmari alilitoa sinia tanurini mafuta yake yakiwa bado yanachemka, akaja nalo barazani likilia, akaliweka juu ya matofali katikati yao. Mimi niliweka ugali. Kisha tukarudi nyuma, kama wapishi wanavyorudi nyuma.

Hakuna aliyegusa. Mzee ndiye wa kwanza kuchukua, na mzee alikuwa akilitazama sinia tu. Mvuke ulipanda. Maharage yalikuwa yanapoa, na mpishi yeyote anajua jinsi hali ile inavyouma.

"Aliyepika yuko wapi?" aliuliza Mzee Gaudensi.

"Niko hapa, Mzee."

"Akae."

Baba Otmari hakuwahi kukaa na wagonjwa. Alimtazama Sista Mkuu. Sista Mkuu akamnyooshea sabuni. Akanawa mpaka kwenye viwiko, akakaa kwenye mkeka na aproni yake.

"Sasa," alisema mzee, "tuna shauri gani leo?"

Ni Baba Otmari aliyejibu. "Shauri ni langu, Mzee. Ni mimi niliyekuweka nyuma ya nguo. Nilitaka kukuheshimu, nikakutenga. Hakuna aliyekushitaki. Ni ujinga wangu wa misheni."

Mzee Gaudensi aliwauliza wanawe mmoja mmoja kama wamesikia. Wakasema wamesikia. Akawauliza hata wale wawili wa miguu iliyovunjika, ambao hawakuwa ukoo wake, nao wakasema wamesikia. Ndipo akanyoosha mkono, mkono uliobaki mifupa, akachukua harage moja. Akalitafuna polepole. Wote tulimtazama taya.

"Umeunguza," alisema.

"Ndivyo yanavyopikwa, Mzee. Ncha zinatakiwa ziwe hivyo."

Akatafuna tena. Akachukua jingine. Akachukua ugali.

"Basi," alisema, "na kesho yaunguze."

Nilisikia birika likigonga sakafu. Sista Mkuu alikuwa ameliweka chini ili apate kufuta macho, na akasingizia mvuke wa sinia uliokuwa mbali naye.

Mzee alikula barazani kila siku. Wengine waliokatazwa walilalamika, mpaka Sista Mkuu akamwagiza fundi bati sinia nyingine na kuweka zamu, kila mara yeye mwenyewe akishika sabuni. Mzee Gaudensi alipopona alikataa kabisa machela. Alitembea kwa miguu yake hadi njia ya Mapera ikamficha, wanawe nyuma yake wamebeba machela tupu begani.

Baadaye nilihamia Mbamba Bay, katika nyumba ya wageni ya serikali, chini ya Bwana Shauri, ofisa Mwingereza wa wilaya. Tanuri langu hapo lilikuwa pipa la chuma lililolazwa na kufunikwa mchanga na udongo, na mboga yangu ilikuwa bamia na kabichi, kwa sababu maharage yaliteremka kutoka milimani yakiwa yamenyauka. Nilikuwa na tabia ya kuchungulia wageni wakila, na Bwana Shauri aliniuliza mara moja ninatafuta nini mlangoni. Nilisema natazama kama chumvi imetosha. Kwa kweli nilitazama wamekaaje. Yeye alikula peke yake kwenye meza ndefu, na sahani yake ilirudi nusu. Desturi za wakati ule hazikuniruhusu kumkalisha na watu. Nilihamisha meza tu hadi barazani, ambapo wavuvi na karani waliopita walimsalimu naye akawajibu. Kutoka siku hiyo sahani zilirudi tupu. Kisha nikapelekwa Songea, jiko la shule ya bweni, na huko Mwalimu Mkuu aliniachia nioke kadiri ya kuni nilizopata. Nilistaafu serikali ikiwa yetu wenyewe.

Nikiulizwa nilijifunza nini katika kazi hii, nasema nilijifunza kukausha mboga. Watu hudhani ninatania. Mpishi anayekausha vizuri anamjali mtu ambaye hajamwona, na sijamjua aliyefanya hivyo zaidi ya Baba Otmari.

Mwaka niliostaafu nilipanda kwake kumuaga. Macho yake yalikuwa yamekwisha kwa moshi, lakini alinijua kwa sauti. Tuliongea juu ya Sista Mkuu, aliyekwisha kurudi kwao, na juu ya tanuri, lililobomolewa. Ndipo akaniambia kwamba Mzee Gaudensi alifariki, nyumbani kwake, katika uzee mwema, miaka mingi baada ya siku ile ya barazani. Watoto wa marehemu walituma mtu kuja kumchukua yeye, Baba Otmari, aende msibani.

Nilidhani walimhitaji awapikie waombolezaji, nikamuuliza alipika nini.

"Sikupika," alisema Baba Otmari. "Walinikalisha nao kwenye mkeka. Watoto hawapiki kwenye msiba wa baba yao."